Slaidi zinazouliza na kusubiri jibu: Namna mwalimu asiyejua kuandika programu anavyoweza kulishirikisha darasa lake

NDUGU msomaji, aghalabu mtu anapohudhuria semina siku hizi, iwe katika ukumbi wa chuo mjini Iringa, iwe katika darasa la sekondari mjini Mbeya au katika darsa la akina mama baada ya Alasiri, hukutana na mambo mawili: kitambaa cheupe ukutani, na msemaji aliyewapa watu kisogo. Msemaji husoma yaliyoandikwa kwenye kitambaa, na waliohudhuria husoma yale yale, tena kwa kasi kumzidi yeye. Afikapo slaidi ya ishirini, nusu ya ukumbi imekwisha sinzia, na nusu iliyobaki inanakili maandishi bila ya kujua yana maana gani. Mwishoni huulizwa, "Kuna swali?" Hakuna anayeuliza. Watu huondoka, na kilichobaki vichwani mwao ni kwamba leo kulikuwa na projekta.

Si haki kukilaumu chombo. Chombo hiki kimeletwa kwa gharama. Kuanzia mwaka 2005 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Sweden, ilianza kupeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya serikali. Mwaka huo huo ndipo ilipoanzishwa Mkwawa, kule Iringa, kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbeya nako, chuo cha ufundi cha zamani kilipanda ngazi hadi kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Kwa hiyo katika Nyanda za Juu Kusini hakukosekani mwalimu aliyefundishwa kutengeneza slaidi. Linalokosekana ni slaidi inayomuuliza mtu, ikasubiri jibu lake, kisha ikampeleka anapostahili kwenda kwa mujibu wa jibu hilo.

Je, jambo hilo linawezekana bila ya mwalimu kujifunza lugha za kompyuta? Naam, linawezekana, na halihitaji zaidi ya ujuzi wa mtu anayeweza kuandika barua kwa kompyuta na kuchora mstatili. Kwanza, hata hivyo, inafaa kujua kwa nini slaidi zetu zimekuwa bubu.

Programu ya PowerPoint, ambayo ndiyo wengi wanayoitumia, ilitoka mwaka 1987. Waliyoibuni ni Robert Gaskins na Dennis Austin wa kampuni ya Forethought huko California, na kabla ya mwaka huo kwisha Microsoft ilikuwa imekwisha inunua kampuni hiyo. Toleo lake la kwanza lilikuwa ni la kuchapa kurasa nyeusi na nyeupe, ambazo msemaji alizihamishia kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga. Wateja wake walikuwa ni wafanyabiashara wenye kutaka kuwashawishi wakubwa wao, na mfanyabiashara hapendi kukatizwa kwa maswali mpaka amalize. Ndiyo maana slaidi hufuatana moja baada ya nyingine kama mabehewa ya treni ya TAZARA. Sisi tuliichukua njia ya mchuuzi, tukaipeleka darasani kama ilivyo.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1987 Bill Atkinson wa kampuni ya Apple alitoa programu iitwayo HyperCard. Humo mtu alikuwa na kadi zenye vitufe, na kila kitufe kilimpeleka kwenye kadi nyingine, mbele au nyuma, apendavyo. Fikra hiyo ya kitufe iliingia katika PowerPoint miaka ya 1990, na katika toleo la 2002 kikaongezwa kile kinachoitwa "Trigger", yaani kugusa kitu kimoja kikafanya kitu kingine kitokee. Zana hizo zimo ndani ya kompyuta zetu tangu wakati huo. Wengi hawajapata kuzifungua.

Na kama tukirudi nyuma zaidi, jambo lenyewe halikuanza na kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Kimarekani, Norman Crowder, alitengeneza vitabu ambavyo kurasa zake zimevurugwa makusudi. Msomaji alisoma aya moja, akaulizwa swali, na mbele ya kila jibu palikuwa na namba ya ukurasa. Aliyechagua jibu sahihi alipelekwa mbele. Aliyekosea alipelekwa kwenye ukurasa uliomweleza ni wapi alipoteleza, kisha akarudishwa kujaribu tena. Crowder hakuona kosa kuwa ni aibu ya kufichwa. Kwake kosa lilikuwa ni habari: linamwambia mwalimu mwanafunzi anafikiri nini. Huu ndio moyo wa slaidi shirikishi, na mwenye kuushika huu mengine yote humrahisikia.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi, yaani somo la mirathi. Wengi huliogopa somo hili kwa sababu ya hesabu zake, na matokeo yake hubaki mikononi mwa wachache, na msiba ukitokea wajane ndio wanaolipa gharama ya ujinga wa wengine. Mwalimu anaweza kuweka ukutani hukumu zote zilizomo katika aya ya 11, 12 na 176 za Suratun Nisaa, akazisoma kwa saa nzima, na wasikilizaji wakatoka wakiwa wanaheshimu elimu yake bila ya kuweza kugawa hata debe moja la mahindi.

Sasa na afanye hivi. Slaidi ya kwanza iwe na kisa: mtu amefariki, ameacha mke, mama, baba na mtoto mmoja wa kiume. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, na baada ya kutenga kile ambacho ni mali ya mjane mwenyewe, imebaki mifuko 24 ya mahindi. Mjane apate mifuko mingapi? Chini yake pawe na vitufe vinne: 12, 6, 3, na "hapati kitu".

Anayechagua 6 apelekwe kwenye slaidi inayosema: umempa robo, na robo ni fungu la mjane ambaye mumewe hakuacha mtoto; huyu ameacha mtoto, rudi ufikiri tena. Anayechagua 12 aambiwe kwamba nusu ni fungu la mume aliyefiwa na mke asiyeacha mtoto, hivyo amewachanganya mume na mke. Anayechagua "hapati kitu" aambiwe wazi kwamba hakuna jamaa yeyote wa marehemu, si kaka, si baba, si mtoto, anayeweza kumzuia mjane kuipata haki yake. Na anayechagua 3 apelekwe mbele, kwani thumni ya 24 ni 3, na huko aulizwe kuhusu mama. Mama ana sudusi, mifuko 4. Baba naye ana sudusi, mifuko 4. Kijana anachukua kilichobaki, mifuko 13. Jumla ni 24, na hesabu imefunga.

Tazama, ndugu msomaji, ni kitufe gani chenye faida kubwa kuliko vyote hapo. Kwa maoni yangu ni kile cha "hapati kitu". Wapo watu wenye heshima zao ambao wangekibonyeza kwa dhati, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyoona ikifanyika vijijini: mashemeji wanakaa kikao, shamba linaambiwa ni la ukoo, mjane anapewa nauli ya kurudi kwao. Mhadhara wa kawaida haumgusi mtu huyu, kwani hutikisa kichwa na kuitikia. Slaidi inayomtaka achague humtoa moyoni mwake kile anachokiamini, na hapo ndipo anapoweza kusahihishwa. Kadhalika mwalimu akumbuke kuwaambia watu kwamba visa vyenye warithi wengi vina hukumu zake, na havikatwi kwa vitufe vinne; hivyo hupelekwa kwa wenye elimu hiyo.

Ama kuhusu namna ya kutengeneza, kazi ni nyepesi. Chora mstatili, andika ndani yake jibu. Ukiwa umeuchagua mstatili huo, nenda penye neno "Insert", kisha "Link", halafu uchague "Place in This Document". Litatokea orodha ya slaidi zako zote kwa majina, nawe utabofya ile unayotaka kitufe kielekee. Ndiyo sababu kila slaidi ipewe kichwa cha habari, hata kama ni kifupi, la sivyo utakuta orodha ya namba tupu na utapotea katika kazi yako mwenyewe. Kiungo kiwekwe kwenye mstatili wote, kisiwekwe kwenye maneno peke yake, kwa sababu maneno yenye kiungo hubadilika rangi na kupigiwa mstari, na yakishabofywa hubadilika tena, hata mwanafunzi mwerevu akajua jibu lililochaguliwa na darasa lililotangulia.

Lipo kosa moja linaloharibu kazi za wengi. Mwalimu huweka vitufe vyake vizuri, kisha anayebofya hukosa shabaha, akabofya pembeni, na programu ikadhani ameomba slaidi inayofuata. Papo hapo jibu linafichuka. Dawa yake ni kwenda penye "Transitions" na kuondoa alama ya vema mbele ya maneno "On Mouse Click" kwa slaidi zote. Tangu hapo kubofya pembeni hakufanyi chochote. Ni vitufe peke yake vinavyosikia. Ikiwa kompyuta itaachwa mezani ili watu wajifunze wenyewe, basi penye "Set Up Slide Show" uchague ile hali ya "Browsed at a kiosk", ambayo huzima hata mishale ya kibodi. Mtu atatoka humo kwa kitufe cha Esc tu.

Asiye na PowerPoint asidhani mlango umefungwa. Ipo LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010 ikitokana na OpenOffice, nayo hupatikana bure. Humo, katika sehemu iitwayo Impress, unabofya kitu kwa upande wa kulia wa kipanya na kuchagua "Interaction", kisha unakielekeza kwenye slaidi unayoitaka. Na hapa nisipite bila ya kukumbusha jambo ambalo vijana wengi hawalijui: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu hiyo ya ofisi ikiwa na maneno ya Kiswahili, kutokana na mradi ulioitwa Kilinux. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na bado mwalimu wa Kiswahili anafundishwa kompyuta kwa kukariri maneno ya Kiingereza. Hilo lina mjadala wake, na si wa leo.

Kabla ya kugusa kompyuta, hata hivyo, chukua vipande vya karatasi. Andika kila slaidi kwenye kipande chake, vipange sakafuni, na uchore mishale kwa chaki. Utaona mapema tatizo la matawi. Ukiuliza swali lenye majibu mawili, na kila jibu likazaa swali jipya lenye majibu mawili, basi kwa hatua tatu unahitaji slaidi 7 za maswali na 8 za mwisho, jumla 15. Kwa hatua tano zinakuwa 31 na 32, jumla 63, na hapo mwalimu aliyeanza kwa ari Jumamosi asubuhi atakuwa amekata tamaa kabla ya Adhuhuri. Kwa hiyo usiuache mti utanuke ovyo. Aliyekosea aelezwe kosa lake kisha arudishwe kwenye shina, yaani kwenye swali lile lile. Kwa utaratibu huo swali lenye majibu mawili linahitaji slaidi tatu tu: swali, sahihisho, na hongera. Maswali kumi ni slaidi 30, pamoja na moja ya orodha mwanzoni.

Si kila somo ni la maswali na majibu. Kwa mwalimu wa historia au jiografia, kinachofaa zaidi ni ramani. Ichukue ramani ya Nyanda za Juu Kusini, uiweke kwenye slaidi moja, na juu ya kila mahali uweke duara dogo lenye kiungo. Wanafunzi wakichagua Lugalo, waone habari za tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipolishinda jeshi la Wajerumani. Wakichagua Kalenga, wapate kisa cha fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila iwape zana za mawe za watu wa kale. Rungwe iwape Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Mbozi, ambayo tangu 2016 imo katika mkoa wa Songwe, iwape kimondo. Na kila slaidi iwe na kitufe kidogo pembeni cha kurudi kwenye ramani. Darasa ndilo linaloamua safari ianzie wapi, na mwalimu hulazimika kuwa tayari kwa lolote. Jambo hili huwatia hofu walimu wengine. Mimi naona ni afya.

Lakini, ndugu msomaji, mwenye kipanya ni mmoja na darasa lina watu sabini au zaidi. Je, kushirikisha ni kumwita mwanafunzi mmoja mbele akabofya, huku sitini na tisa wakitazama? Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakadhani kwamba vitufe vyenyewe ndivyo ushirikishaji. Kitufe ni mlango tu. Kinachofundisha ni ile dakika moja kabla ya kukibonyeza.

Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwalimu wa fizikia, alianza mwaka 1991 kufundisha kwa utaratibu ufuatao. Anauliza swali, kila mwanafunzi anafikiri peke yake na kupiga kura ya jibu. Kisha kila mmoja anamgeukia jirani yake na kujaribu kumshawishi. Halafu wanapiga kura tena, ndipo mwalimu anapoeleza. Mwaka 2014 watafiti waliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi walionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walifeli kwa asilimia 33.8, ilhali walioshirikishwa walifeli kwa asilimia 21.8. Wazee wetu waliokaa katika halaka, mwanafunzi akisoma na mwalimu akimkatiza na kumuuliza, hawangeshangazwa na hesabu hizo.

Zipo programu za kupigia kura kwa simu, kama Mentimeter ya Sweden na Kahoot ya Norway. Zinafaa vyuoni, ambako kila mtu ana simujanja na mtandao unapatikana. Katika sekondari zetu nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, basi hazitufai. Iliyo karibu na hali yetu ni Plickers: kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro, huigeuza upande wa A, B, C au D, na mwalimu hupitisha kamera ya simu yake moja juu ya darasa na kuzisoma zote. Na asiye na hata hiyo achukue manila ya rangi nne, akate vipande. Swali likitoka ukutani, kila mtu anyanyue rangi yake kwa wakati mmoja, mwalimu ahesabu kwa macho, kisha abofye jibu lililopata wengi, liwe la kweli au la uongo.

Nasisitiza hilo la mwisho. Wengi wakichagua uongo, abofye huo uongo. Asiwaokoe.

Katika misikiti yetu kadi hizi zina faida nyingine. Akina mama walioko nyuma ya pazia aghalabu hawaulizi, na wakiuliza ni kwa kikaratasi kinachomfikia mhadhiri muda umekwisha. Lakini rangi hainyanyuliwi kwa sauti. Msaidizi mmoja upande wao anahesabu na kutuma namba kwa mwalimu, na kura zao zinaingia pamoja na za wanaume. Katika somo la mirathi hilo si jambo dogo, kwani wao ndio wanaozungumziwa.

Yabaki mambo machache ya tahadhari. Picha na sauti zako ziweke katika folda moja na wasilisho, na ubebe folda nzima kwenye flashi, kwa sababu sauti iliyoachwa kwenye kompyuta ya nyumbani haitasikika ukumbini. Jaribu kazi yako kwenye kompyuta itakayotumika, si kwenye yako tu. Toleo la zamani huweza kuvuruga yaliyotengenezwa na toleo jipya, na simu nyingi hazitii kila kitu. Ukipotea katikati ya darasa, andika namba ya slaidi kwa kibodi na ubonyeze Enter, utafika hapo mara moja. Na ukitaka watu wakutazame wewe, bonyeza herufi B, kitambaa kitakuwa cheusi mpaka uibonyeze tena.

Umeme nao hukatika, hasa mvua kubwa za masika zinapoanza kunyesha Rungwe na Mbeya. Kwa sababu hiyo chapa slaidi zako mapema, sita kwa kila karatasi, zikate, uzitie namba, na mahali pa kila kitufe uandike kwa kalamu: mifuko 12, nenda namba 3, mifuko 6, nenda namba 4, mifuko 3, nenda namba 6, hapati kitu, nenda namba 5. Zibane kwa stepla kwa mpangilio wa namba na utoe nakala moja kwa kila watu watano. Projekta ikizimika, kila kundi linafungua kijitabu chake mahali lilipofikia na kuendelea kubishana.